Siku Niliponyamaza Barabara ya Ngong

Ndugu zangu Shem, Okwemba na Zakayo,

Mmeniuliza mara tatu sasa kwa nini asubuhi nikienda kazini natembea nikisema peke yangu. Zakayo anadhani nimelogwa. Okwemba anasema ni mapenzi. Nilitaka kuwajibu kwa mdomo, lakini mnanijua. Nikianza kusema, Shem hunikatiza, na nikikatizwa mara moja siwezi kurudi pale nilipoachia. Kwa hiyo nimeandika. Imenichukua jioni nne na penseli nzima. Shem ndiye asome kwa sauti, ila asiongeze maneno yake.

Ni habari ya safari ya kutoka Ngara hadi Waithaka. Mtasema hiyo si safari, ni maili kumi tu. Mimi maili hizo zilinichukua tangu saa mbili asubuhi hadi jua linazama, na nilirudi nikiwa sijui kama nitapewa tena usukani.

Ngara, dukani

Mnajua nafanya kazi kwa Bwana Harbans, yule Sardari mwenye kilemba anayeuza vioo vya madirisha. Miaka mitatu nimekuwa mpakiaji. Dereva wake ni Mzee Wanjala, ambaye mwisho wa mwezi huu anarudi kwao Bungoma kupumzika. Bwana Harbans alikuwa amekwisha kumpata dereva mwingine wa kuchukua nafasi hiyo, mtu mwenye miaka kumi barabarani. Mzee Wanjala akamwambia, "Mjaribu kwanza huyu kijana. Nimemfundisha mimi."

Bwana Harbans alinitazama kama anayetazama kioo chenye povu ndani.

"Huyu? Huyu hasemi hata jambo."

"Barabarani atasema," alijibu Mzee.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Mzee Wanjala alijifunza gari zamani, alipokuwa akiendesha gari za polisi, na huko walifundishwa jambo moja ambalo hajaliacha mpaka leo. Dereva anasema kwa sauti kila anachokiona. Si moyoni, kwa sauti. Anasema anachoona, anasema kinachoweza kutokea, anasema atafanya nini. Kwa mfano: naona mtu na baiskeli, anaweza kuingia barabarani bila kutazama nyuma, napunguza mwendo na kumpisha. Ndivyo kutoka kuwasha gari hadi kulizima, kila siku, hata barabara ikiwa tupu. Mzee anasema mdomo ukinyamaza macho nayo hulala. Yeye mwenyewe husema hata akiwa anatembea kwa miguu kwenda kununua tumbaku.

Alhamisi, siku ya kunijaribu, tulipakia vioo kumi na sita. Vinne vilikuwa vya kibanda cha maonyesho pale Jamhuri. Kumi na viwili vilikuwa vya kanisa jipya Waithaka, ambalo lingefunguliwa Jumapili. Tulivisimamisha kwenye fremu ya mbao nyuma ya lori, tukaweka magunia na nyasi kavu katikati, tukafunga kamba. Kioo husafiri kikiwa kimesimama. Kikilazwa kinapasuka.

Bwana Harbans alizunguka lori mara mbili, akavuta kila kamba.

"Sikia," akaniambia. "Kumi na sita natoka, kumi na sita nafika, wewe dereva. Moja napasuka, wewe rudi kubeba. Sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema sawa!"

"Sawa, bwana."

Mkewe alitoka na chapati nne na achari ya embe zimefungwa kwenye gazeti, akampa Mzee. Mimi nisingeweza kula.

Ngara hadi Uhuru Highway

"Anza," Mzee aliniambia tulipotoka langoni.

"Naona mwanamke na kikapu," nikasema.

"Nani amesikia?"

"Naona mwanamke na kikapu kushoto. Anaweza kuvuka. Napunguza."

"Mwanamke mwenyewe hajasikia. Ongeza sauti."

Barabara ya Ngara saa mbili mnaijua. Mikokoteni ya kusukumwa, magunia ya vitunguu, watu wanashuka njiani kana kwamba gari ni upepo. Nilisema, na koo likakauka. Nilimtaja kila mtu. Kwenye mzunguko wa Globe niliona basi, nikaona pikipiki nyuma ya basi, nikaona mtu anayesoma gazeti akitembea. Kwenye Government Road gari moja dogo lilinipigia honi kwa sababu nilikuwa nimeacha nafasi kubwa mbele yangu, kisha likaingia katika nafasi hiyo. Nikaacha nafasi nyingine. Likaingia jingine.

"Wanakula nafasi yangu, Mzee."

"Waache wale. Wewe pika nyingine."

Uhuru Highway kulikuwa na askari wa barabarani katikati ya mzunguko, glavu nyeupe, akisimamisha upande wetu kwa muda mrefu. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye vifundo vya vidole. Mzee alikuwa anakula chapati. Alinimegea kipande, akakitia kinywani mwangu kama mtoto, kwa kuwa hakutaka nitoe mkono kwenye usukani.

Valley Road

Mlima wa Valley Road niliuogopa kuliko vyote. Mzigo umesimama nyuma, lori linapanda, na mbele yangu kulikuwa na lori la mawe linalokwenda pole kama msafara wa harusi. Katikati ya mlima likasimama.

"Naona lori limesimama. Linaweza kurudi nyuma." Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya msichana. "Nasimama mbali. Naona magurudumu yake ya nyuma, nikiyaona yote na lami chini yake, nafasi inatosha."

"Vizuri."

Na kweli likarudi nyuma. Lilirudi urefu wa mtu mzima akiwa amelala, ndipo likashika. Kati yetu ilibaki nafasi ya kupitisha mkokoteni. Kama ningekuwa nimelifuata mgongoni, wenzangu, ningekuwa naandika barua nyingine.

Nilipoondoa gari tena nilisikia vioo nyuma vikigusana kidogo ndani ya nyasi, mlio mdogo kama wa vikombe kabatini. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Bado kumi na sita," akasema.

Langoni Jamhuri

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na kosa si la mtu mwingine.

Langoni pa uwanja wa maonyesho kulikuwa na mlinzi, mtu mrefu mwenye koti refu na kirungu. Dirisha langu lilikuwa wazi. Nami nilikuwa sasa nimezoea, sauti imetoka, nikasema kama nilivyofundishwa:

"Naona askari kulia. Amesimama. Hatazami huku. Anaweza kuwa amelala."

Mlinzi akageuka.

"Nani amelala?"

Nikanyamaza.

"Nimeuliza, nani amelala? Wewe mtoto wa juzi, unanitangaza kama redio?"

"Bwana, huyu anajifunza," Mzee alisema. "Hutaja kila kitu njiani."

"Mimi ni kitu?"

Watu wakaanza kukusanyika. Kulikuwa na mafundi wanaopaka rangi vibanda, na wasichana watatu waliobeba miche ya maua. Mlinzi akafungua mlango wangu, akaniambia nishuke, nirudie maneno yangu mbele ya watu. Nilishuka. Nikarudia. Wasichana wakacheka mpaka mmoja akaweka miche chini. Mlinzi akawauliza, "Mimi nimelala?" Wakajibu kwa pamoja, "Hapana, askari, uko macho!" Akatuweka hapo karibu saa nzima akitafuta kitabu chake cha kuandika magari, ambacho muda wote kilikuwa kwapani mwake. Mzee alikiona. Nami nilikiona. Hatukukitaja.

Vioo vinne tulivishusha salama. Lakini karani wa kibanda alikataa kutia sahihi mpaka viwekwe na vishikwe na pate, ule udongo laini wa kugandisha kioo, na alitaka mtu wa duka asimamie. Mzee akanitazama.

"Itabidi nibaki mimi. Wewe hujui pate. Mama wa kanisa ndiye huyu, atakuonyesha njia."

Mama huyo alikuwa amesubiri langoni tangu asubuhi, kiondo mgongoni, kitambaa cheupe kichwani. Aliitwa Mama Wambui, na alikuwa mkubwa wa kamati ya wanawake waliolijenga kanisa hilo. Alikuwa ameona yote yaliyonipata na mlinzi.

"Nenda pole," Mzee aliniambia dirishani. "Hata mimi nisipokuwepo, usinyamaze."

Jamhuri hadi Dagoretti Corner

Nilinyamaza.

Niseme ukweli jinsi ilivyokuwa. Niliwasha gari, nikafungua mdomo, nikawasikia wale wasichana wakicheka. Hawakuwepo, lakini niliwasikia. Na kando yangu alikaa mama mzima wa heshima, mikono juu ya kiondo. Ningesemaje mbele yake, "naona mbuzi"? Nikasema moyoni tu. Nikajiambia macho ni yale yale.

Mama Wambui alikuwa mwenye maneno. Aliniambia wanawake walivyobeba mawe ya kanisa kutoka mtoni, kila mmoja mawe mawili kila Jumamosi, miaka miwili. Aliniambia madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati, na wakati wa ibada kulikuwa na giza hata mchungaji asiweze kusoma mbele.

"Jumapili tutaonana nyuso," alisema. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Kakamega, mama."

"Mluhya! Na unanyamaza hivyo? Walituambia Waluhya wanapenda kuongea na kula kuku."

Nikacheka. Nilikuwa nafikiria jibu zuri la kuhusu kuku.

Kushoto palikuwa na kinjia kinachotoka katikati ya michongoma. Punda alisimama pale na mkokoteni wa mapipa ya maji. Nilimwona, wenzangu. Naapa nilimwona. Lakini sikusema "naona punda", kwa hiyo sikusema pia "mwenyewe hayuko mbele, yuko nyuma ya mapipa, punda anaweza kuingia". Niliyasema hayo baadaye sana, nilipokuwa nimelala.

Punda akaingia barabarani.

Nilipiga breki kwa miguu yote miwili. Lori liliinama, Mama Wambui akagonga mikono mbele, na nyuma yetu nikasikia *ka!* Mara moja tu. Kama kijiti kikavu.

Punda alivuka polepole. Mwenyewe akatokea nyuma ya mapipa akanipungia mkono kunishukuru kwa kumsimamia.

Nilishuka nikapanda nyuma. Kioo cha saba, kutoka kona ya juu hadi katikati, mstari mmoja mwembamba. Nilikipitisha kidole, nikakipitisha tena. Mama Wambui alisimama chini akinitazama.

"Ni kimoja?"

"Ni kimoja, mama."

"Na kimoja kinatosha kukunyima udereva?"

Alikuwa amesikia habari langoni, Mzee alimweleza. Nilifunga kamba upya, nikarudi kwenye usukani, nikawasha gari.

Riruta

Kutoka Dagoretti Corner nilianza kusema. Sikujali tena. Mtu aliyekwisha kuanguka kwenye tope hachagui pa kukanyaga. Nilisema kwa sauti ile Mzee aliyokuwa akiitaka asubuhi.

"Naona baiskeli mbele, magunia mawili ya makaa, inayumba. Anaweza kuanguka kulia. Nampa nafasi."

"Amina," alisema Mama Wambui.

Nilimtazama kwa upande. Alikuwa amefumba macho.

"Naona duka kushoto, mlango wazi, watu wanatoka. Napunguza."

"Amina."

"Naona ng'ombe watatu na mchungaji wao."

"Bwana asifiwe. Amina."

Alidhani naomba. Nikaona haya kumwambia, na pia, niseme, ile Amina ilinisaidia. Ilinifanya nisitaje kitu nusu nusu. Tukaenda hivyo, mimi nikitaja, yeye akiitikia, mpaka Riruta sokoni.

Hapo basi lilikuwa limesimama upande wa kushoto, refu, linashusha watu. Mzee Wanjala alinifundisha kwamba basi lililosimama halitazamwi madirishani, hutazamwa chini ya tumbo, kati ya magurudumu. Huko ndiko utakakoona nani anakuja upande wa pili.

"Naona basi. Naona chini ya basi." Kisha sauti ikanitoka kubwa. "Naona miguu! Miguu miwili midogo, haina viatu, inakimbia. Nasimama. Nasimama sasa."

Wala sikupiga breki ya nguvu. Kulikuwa na nafasi, kwa kuwa nilikuwa nimeona mapema. Nilikanyaga kama mtu anayekanyaga sakafu iliyo na mtoto amelala. Lori likasimama, na vioo nyuma havikutoa hata neno.

Mtoto akatokea mbele ya basi akifukuza ringi ya baiskeli kwa kijiti. Ringi ilipita mbele ya lori langu, naye akapita nyuma yake, kichwa chake hakifiki hata taa. Hakututazama kabisa. Upande wa pili mwanamke akapiga ukelele, akamshika mkono, akamchapa.

Mama Wambui alikuwa amefumbua macho.

"Kumbe hukuwa unaomba," akasema.

"Hapana, mama. Nilikuwa naona."

"Na kule kwa punda, mbona hukuona?"

"Niliona. Nilinyamaza. Nilikuwa na haya."

"Kwa ajili yangu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akafungua kiondo, akatoa nduma iliyopikwa, akaikata mara mbili, akanipa kubwa.

"Kula. Halafu endelea na kuona kwako, nami nitaendelea na Amina yangu."

Waithaka

Kanisa lilikuwa juu ya kilima kidogo, kuta za mawe, madirisha kumi na mawili yakiwa wazi. Wanawake kama ishirini walikuwa wanangoja, na vijana wachache. Walishusha vioo wakiimba, kila kioo watu wanne. Cha saba nilikishusha mwenyewe nikakiegemeza ukutani peke yake. Wimbo ukapungua. Wote walijua ni dirisha gani litabaki na bati.

Tulikula githeri, mahindi na maharagwe yenye viazi, chai nyingi. Nilikaa pembeni. Mama Wambui akaja na kikombe chake.

"Nimefikiria," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie Muhindi kiliangushwa hapa, wakati wa kushusha. Vijana wetu walikiangusha. Nitasema hivyo hivyo, mimi mwenyewe. Kanisa halina udereva wa kunyang'anywa."

Alisema kwa huruma, wala hakutania. Nikamshukuru. Na wenzangu, sitawaficha, nilikubali. Nilimwambia, "Asante, mama, nitasema hivyo." Nilipakia kile kioo nirudi nacho Ngara, nikaondoka.

Kurudi Ngara

Nilirudi peke yangu, lori tupu isipokuwa kioo kimoja kilichopasuka. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka Jamhuri kwa basi. Njia nzima nilisema. Nilisema Riruta, nilisema pale kwa punda, pakiwa patupu. Na kila niliponyamaza kidogo ili nijaribu ule uongo mdomoni, *vijana wa kanisa walikiangusha*, sikuona barabara. Nilikuwa naona sura ya Bwana Harbans tu. Mara mbili nilijikuta nimekaribia gari la mbele. Nikaacha. Nikasema kesho ni kesho, sasa naona taa za breki.

Jua lilikuwa linazama nilipoingia uani. Bwana Harbans alikuwa mlangoni na Mzee Wanjala kando yake. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lori. Akakiona.

"Hii nini?"

Mzee alinitazama. Nikajua kwamba yeye pia ana maneno tayari ya kuniokoa, nikaogopa asianze.

"Bwana," nikasema, "Barabara ya Ngong, kabla ya Dagoretti Corner, kulikuwa na punda kushoto, mkokoteni wa maji. Mwenyewe alikuwa nyuma. Punda angeweza kuingia. Nilipaswa kusema na kupunguza. Sikusema. Nilikuwa naona haya kwa mama aliyekaa nami. Punda akaingia, nikapiga breki ya nguvu, kioo cha saba kikapasuka. Waithaka mama alitaka kusema ni watu wake. Si watu wake. Ni mimi."

Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo kwa mara moja. Bwana Harbans alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Huyu nasema," akamwambia Mzee.

"Nilikuambia."

"Lete ufunguo."

Nikampa. Akautia mfukoni. Mzee Wanjala alitazama chini. Nilikwenda kukunja magunia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mpakiaji.

Ijumaa

Asubuhi nilipofika, Bwana Harbans alikuwa amekwisha kukata kioo kipya kwa kalamu yake ya almasi, kipimo cha dirisha la saba. Kile kilichopasuka alikuwa amekikata pia, akapata vipande viwili vizuri vya madirisha ya jikoni. Kioo kipya kilikuwa nyuma ya lori, kimefungwa peke yake. Nilipanda nyuma kukishika.

"Wewe nafanya nini huko?" Alikuwa amekaa mbele, upande wa abiria, kilemba kinagusa dari. Ufunguo ulikuwa mahali pake. "Shuka. Njoo endesha. Mimi nataka sikia."

Nikaendesha, nikasema. Ngara, Globe, Government Road, Uhuru Highway. Hakusema vizuri wala vibaya. Langoni pa Jamhuri yule mlinzi mrefu alikuwa ametoka nje, nami nikasema kwa sauti, dirisha likiwa wazi, "Naona askari kulia. Yuko macho." Mlinzi akapiga saluti.

Tulipokaribia kile kinjia cha michongoma nilianza kutazama kushoto mapema. Na kweli, kana kwamba alikuwa ametungoja, punda yule alikuwa pale na mapipa yake. Nilivuta pumzi ili niseme. Ulimi ukakwama. Labda kwa sababu ni pale pale, labda kwa sababu ya mtu aliyekaa kando yangu. Mguu wangu ulikuwa tayari umeachia mafuta, lakini mdomo haukufunguka.

"Mimi ona punda," alisema Bwana Harbans.

Nikamtazama.

"Tazama njia! Mimi ona punda kushoto. Mwenyewe hakuna mbele. Punda naweza fanya nini?"

"Anaweza kuingia, bwana."

"Basi?"

"Basi nasimama. Nampisha."

Nikasimama. Punda akavuka polepole, mapipa yakimwaga maji kidogo kidogo, na mwenyewe nyuma akatupungia mkono. Bwana Harbans naye akampungia. Kisha akafungua gazeti lenye chapati, akamega kipande, akanitia kinywani ili nisitoe mkono kwenye usukani.